Kilo ya majani chai ni milivolti ngapi? Historia ya maneno ya kupimia umeme

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha wala simu ya kuchambua. Nataka tuzungumze juu ya mizani, tena ile ya senta ya chai. Wengi mnaosoma hapa ni watu wa kompyuta na mtajiuliza mizani inaingiaje. Inaingia hivi: mizani ya kisasa ya majani chai haipimi uzito moja kwa moja. Inapima umeme, umeme mdogo mno, halafu programu inaugeuza kuwa kilo. Mkulima wa Kebirigo au Kiamokama hulipwa kwa kilo kila mwezi, na bonasi ya mwaka huhesabiwa kwa kilo zile zile. Kwa hiyo kosa dogo ndani ya kipimo cha umeme kilichofichwa chini ya sahani humgharimu mara mbili, na mara nyingi hajui hata kwamba kipimo hicho kipo.

Mama yangu huchuna chai Nyamira. Siku moja aliniuliza, "Wewe uliyesomea mashine, hii kitu inajua kilo aje?" Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa chuoni. Kulijibu kwa Kiswahili kunahitaji maneno manne au matano ambayo sisi huyatumia ovyo, na kila moja lina historia ndefu. Ndiyo sababu ya makala haya.

Kilichomo chini ya sahani

Zamani mizani ya senta ilikuwa ya springi. Ndoana chini, sahani ya mviringo mbele, mshale unazunguka. Gunia linaning'inizwa, springi inavutika, karani anasoma. Mshale ukisimama kati ya 17 na 18, ile nusu ni ya nani? Ugomvi mwingi wa enzi hizo uliishi katika nafasi ile ndogo kati ya mistari miwili. Kisha katika vituo vya KTDA zikaja mizani za elektroniki pamoja na vimashine vya kuchapisha risiti. Sasa namba inatoka na nukta yake, 17.4, na namba yenye nukta ina tabia ya kuaminiwa kabla haijaulizwa swali.

Ndani ya mizani kuna kipande cha chuma au aluminiamu kilichochongwa ili mzigo ukiwekwa kipinde kidogo, kiasi ambacho jicho haliwezi kuona. Juu ya chuma hicho vimegandishwa vijinyuzi vinne vyembamba vya kupitisha umeme. Uzi ukivutwa hurefuka na kukonda, na ukinzani wake hupanda. Ukibanwa, ukinzani hushuka. William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, aliieleza tabia hii mwaka 1856. Ilipofika 1938, Wamarekani wawili, Edward Simmons na Arthur Ruge, kila mmoja kivyake, walibandika waya wa namna hiyo juu ya kitu kinachopinda na kuugeuza kuwa kipimo.

Mabadiliko yenyewe ni madogo. Uzi wenye ukinzani wa omu 350 hubadilika kwa kama omu 0.7 tu mizani ikibeba mzigo wake wa mwisho. Ili badiliko hilo lionekane, nyuzi nne hufungwa kwa umbo la almasi. Mtindo huu ulibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, lakini ukapata umaarufu kwa jina la Charles Wheatstone aliyeueleza mwaka 1843. (Ndivyo ilivyo dunia, hata kwenye programu huria.) Kwa Kiswahili tunasema daraja la Wheatstone. Waingereza wa karne ya 19 wakati mwingine waliliita mizani ya Wheatstone, na mimi naona jina hilo ni bora zaidi: kuna pande mbili, na katikati sindano inayokaa kwenye sifuri pande hizo zikilingana. Yaani ndani ya mizani ya chai kuna mizani nyingine, ya umeme.

Tupige hesabu. Kifaa cha kawaida cha aina hii hutoa milivolti 2 kwa kila volti unayokilisha, mzigo ukiwa kamili. Ukikilisha volti 5, mzigo wa mwisho utatoa milivolti 10. Kama mizani ni ya kilo 50, kilo moja ya majani chai ni milivolti 0.2. Gramu 10 ni mikrovolti 2, yaani sehemu mbili kati ya milioni moja za volti. Betri ya rimoti ya televisheni ina volti 1.5. Hapo mama alipata jibu la kwanza la swali lake, na akacheka.

Baada ya hapo kazi ni yetu sisi watu wa programu. Chipu hugeuza volti kuwa namba nzima, na programu hufanya hesabu ya darasa la nane:

kilo = (somo - sifuri) / mgawo

Somo ni namba iliyotoka kwenye chipu. Sifuri ni namba inayotoka sahani ikiwa tupu. Mgawo ni hatua ngapi za namba kwa kila kilo moja. Hizi mbili za mwisho hukaa kwenye kumbukumbu ya mashine. Anayezibadilisha amebadilisha mavuno ya kijiji kizima bila kugusa jani hata moja. Zamani mtu wa kuchezea mizani ilibidi avute springi au apinde mshale, na alama zilibaki. Namba kwenye kumbukumbu haina mikwaruzo.

Sasa, hizo volti na omu zilitoka wapi?

Omu ilifika Zanzibar kabla ya mkutano wa Paris

Wengi hudhani vipimo vya umeme vilizaliwa maabara. Kwa kiasi kikubwa vilizaliwa baharini. Mwaka 1858 waya wa simu ya maandishi ulitandazwa chini ya Atlantiki kutoka Ireland hadi Newfoundland. Ulifanya kazi wiki tatu hivi, ukafa. Wildman Whitehouse, daktari aliyegeuka kuwa fundi wa umeme, alikuwa ameusukumia nguvu ya kama volti 2,000. Nasema volti kwa sababu mimi ninalo neno. Yeye hakuwa nalo. Mafundi wa siku hizo walizungumza juu ya idadi ya betri walizounganisha na urefu wa waya fulani waliokuwa nao dukani. Fedha nyingi ilizama baharini na hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwa namba moja ni nini hasa kilitokea.

Mwaka 1861, kwa kuhimizwa na Thomson, jumuiya ya wanasayansi wa Uingereza iliunda kamati ya kutafuta kipimo kimoja cha ukinzani. Mwaka huo huo wahandisi wawili wa nyaya, Latimer Clark na Charles Bright, walipendekeza vipimo vipewe majina ya wanasayansi. Katika orodha yao, volti ilikuwa jina la ukinzani, na "ohma" lilikuwa jina la nguvu inayosukuma umeme! Kinyume kabisa cha leo. Mimi hupenda kuwakumbusha wanafunzi jambo hili. Maneno haya ya fizikia tunayoyaona kama amri za Sinai yalipangwa na watu, yakapanguliwa, yakapangwa tena.

Wakati huo Ujerumani Werner Siemens alikuwa amependekeza chake mwaka 1860: ukinzani wa safu ya zebaki yenye urefu wa mita 1 na upana wa milimita ya mraba 1, kwenye nyuzi sifuri za selsiasi. Waingereza wakatengeneza koili zao. Koili ya Uingereza na zebaki ya Siemens zilitofautiana kwa karibu asilimia 5.

Asilimia 5 ni nini? Njoo kwetu uone. Desemba 1879 kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilifikisha waya wa bahari Zanzibar kutoka Aden, na kutoka hapo kwenda Msumbiji, Delagoa Bay na Durban. Seyyid Barghash ndiye aliyekuwa akitawala. Mwaka 1890 tawi likafika Mombasa. Waya wa bahari ukikatika huwezi kupanda nguzo ukaangalia. Fundi hukaa pwani, anafunga daraja la Wheatstone kwenye ncha ya waya na kupima ukinzani hadi pale maji ya chumvi yanapouingia. Tuseme kila maili ya bahari ina omu 10, naye akasoma omu 2,000. Basi mkatiko uko maili 200 kutoka alipo, na meli ya matengenezo inatumwa pale. Fundi aliyepima kwa kipimo cha Siemens huku jedwali lake la waya likiwa la koili za Kiingereza angeituma meli maili tisa au kumi kando ya mahali penyewe. Inatupa ndoana usiku kucha inavua waya mzima.

Angalia tarehe tena. Mkutano wa kwanza wa kimataifa wa umeme, uliopitisha omu, volti, ampea, kulombi na faradi, ulifanyika Paris mwaka 1881. Waya wa Zanzibar ulikuwa na umri wa karibu miaka miwili. Pwani ya Waswahili ilikuwa ikipimwa kwa omu kabla mataifa hayajakubaliana omu ni nini. Na lugha yetu ilichukua kumbukumbu ya jambo hilo kwa njia yake: simu ni neno la Kiajemi lenye maana ya waya. Lilianza kwa waya wa kupelekea habari, likahamia kwenye kifaa, na sasa tunalitumia kwa kitu tunachotembea nacho mfukoni kisicho na waya hata mmoja.

Wakati umeme ulipopimwa kwa mizani

Hapa ndipo historia inaponifurahisha. Mwaka 1882 Thomas Edison alifungua kituo chake cha umeme cha Pearl Street, New York. Angemtoza mteja kwa kipimo gani? Mita yake ilikuwa chupa zenye maji ya zinki na vipande vya zinki ndani. Sehemu ndogo ya umeme wa nyumba ilipita humo na kuhamisha zinki kutoka kipande kimoja hadi kingine. Mwisho wa mwezi mfanyakazi wa kampuni alikuja, akachukua vipande, akavipeleka ofisini, akavipima kwenye mizani. Gramu za zinki zikawa bili! Wateja hawakuipenda. Hakuna aliyeweza kusoma mita ya nyumbani kwake mwenyewe. Kila mtu alitegemea neno la aliyebeba mizani. Mkulima yeyote wa Gusii angewaelewa wateja wale mara moja.

Na si Edison peke yake. Mkutano wa Chicago wa 1893 ulieleza ampea kuwa ni umeme unaogandisha gramu 0.001118 za fedha kila sekunde, na omu kuwa ni ukinzani wa safu ya zebaki yenye urefu wa sentimita 106.3. Yaani mtu aliyetaka ampea ya kweli alilazimika kwenda kwenye mizani. Uzito ulikuwa mzee, umeme ulikuwa mtoto.

Umeme wa biashara ulipoanza kwetu, Mombasa na Nairobi, mwaka 1908, mita za chupa zilikuwa zimeshapitwa na wakati. Kampuni za miji hiyo miwili ziliungana mwaka 1922 kuwa East African Power and Lighting, bibi yake Kenya Power ya leo. Mita zenye sahani inayozunguka, ambazo wengi wetu tumekua tukiziona ukutani, zilitokana na kazi ya akina Ottó Bláthy wa Budapest mwishoni mwa miaka ya 1880. Hizo sizungumzii sana leo, zinastahili makala yao.

Mtoto alikua akampita mzee. Mwaka 1962 Brian Josephson alitabiri jambo la ajabu linalotokea vipande viwili vya metali iliyopoozwa sana vinapokaribiana, na likageuka kuwa njia ya kutengeneza volti isiyobadilika popote duniani. Mwaka 1980 Klaus von Klitzing akapata njia kama hiyo kwa omu. Tangu Januari 1, 1990 maabara kuu za dunia zilianza kutumia njia hizo badala ya betri na koili maalumu za kale. Naye Bryan Kibble wa Uingereza alikuwa amebuni mwaka 1975 mizani ambayo upande mmoja ina uzito na upande mwingine ina nguvu ya umeme. Mei 20, 2019, kipande cha platinamu na iridi kilichokuwa ndiyo kilo ya dunia tangu 1889 kikastaafishwa. Sasa kilo inaelezwa kwa namba ya asili inayoitwa namba ya Planck, na mizani ya Kibble ni mojawapo ya njia kuu za kuipata, kwa kupima volti na omu.

Kwa hiyo mwaka 1893 ampea ilitafutwa kwenye mizani, na leo kilo inatafutwa kwenye umeme. Kutoka juu kabisa huko maabara hadi chini kwenye senta ya Nyansiongo, kilo ya majani chai inapita kwenye volti.

Karibu mizani, au kalibu?

Sasa turudi kwenye maneno yetu. Umeme kwanza ni ule wa mbinguni. Nyanda za Kisii ni mahali penye radi nyingi mno na watu hufa kwa radi karibu kila mwaka, kwa hiyo ukimwambia mzee kwamba ndani ya mizani kuna umeme, huangalia juu kwanza. Wakenya wengi husema stima, neno lililokuwa la meli ya mvuke kabla ya kuingia ukutani. Mita ni neno la taabu: ni urefu, na pia ni kile kisanduku cha Kenya Power. Kipimo ndiyo usiseme. Ni kifaa, ni kiasi, ni matokeo, ni dawa ya kunywa mara tatu. Kule Tanzania wataalamu wa TUKI walijitahidi, wakachapisha mwaka 1990 Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sisi Kenya tunafundishwa fizikia kwa Kiingereza, kwa hiyo kazi hiyo ilitupita kando kama matatu iliyojaa.

Neno ninalolitafuta mimi ni la kitendo cha kuijua mizani. Mafundi wengi husema "kukalibreti". Nalo lina siri. Neno la Kiingereza linatokana na neno la Kifaransa la upana wa mdomo wa bunduki, na wanaisimu wengi hulirudisha hadi Kiarabu, qālib, yaani umbo la kumiminia madini. Sisi tulilikopa neno hilo hilo moja kwa moja, bila kupitia kwa Mfaransa: kalibu, chombo cha kusubu. Mswahili amekuwa na mzizi huo siku zote. Nilifikiri tungesema "kukalibisha mizani" na kumaliza kazi. Tatizo ni kwamba sisi Wagusii hatuna herufi l katika lugha yetu, na wengi wetu tukizungumza Kiswahili huigeuza kuwa r. Ukisema Keroka kwamba afisa amekuja kukaribisha mizani, watu watauliza kama imeletewa chai.

Basi tuache utani. Msamiati wa kimataifa wa upimaji, ambao toleo lake la tatu lilitoka mwaka 2008, unatenganisha vitendo vitatu ambavyo sisi huviita kwa jina moja, "kurekebisha mizani".

Cha kwanza ni ulinganishaji. Unaweka kilo 10 zinazojulikana, unaandika mizani inasema nini. Inasema 9.94. Unaweka 20, inasema 19.88. Unaandika pia una shaka kiasi gani na namba zako. Hukugusa kitu. Umemaliza. Mizani bado ni mbaya kama ulivyoikuta, ila sasa ubaya wake una namba.

Cha pili ndicho urekebishaji hasa. Unafungua kumbukumbu, unabadilisha ule mgawo hadi 10 isomeke 10.

Cha tatu ni uhakiki. Hili ni jambo la sheria: afisa wa vipimo anapima, anaangalia kama kosa liko ndani ya kiwango kinachoruhusiwa, kisha anapiga muhuri au anaikataa mizani. Kenya jambo hili linasimamiwa na Sheria ya Vipimo, Sura ya 513, na tangu ugatuzi wa 2013 maafisa wanaokuja sokoni ni wa kaunti. Mawe yao ya kupimia nayo hulinganishwa na mengine yaliyo bora zaidi, na hayo na mengine, mpaka kwenye vipimo vya taifa vilivyo chini ya KEBS, shirika lililoanzishwa 1974. Mnyororo huo ukikatika mahali pamoja, muhuri unabaki kuwa rangi tu.

Kwa nini nasumbuka na maneno matatu? Kwa sababu mkulima akilalamika kwamba mizani inamla, na kesho yake akaambiwa "imesharekebishwa", amenyang'anywa kitu bila kujua. Kama kabla ya kurekebisha hakuna aliyelinganisha na kuandika, lile kosa la 9.94 limefutika. Hakuna anayejua lilikuwa kiasi gani, wala lilianza mwezi gani. Tuchukue mfano wangu: upungufu wa gramu 60 kwa kilo 10 ni asilimia 0.6. Mtu anayepeleka kilo 3,000 kwa mwaka amepoteza kilo 18, pamoja na bonasi yake. Kwa jirani 300 wa senta moja ni kilo 5,400. Ulinganishaji ndio ushahidi. Urekebishaji ukitangulia, ushahidi umeoshwa. Sisi wa programu tunalijua hili vizuri: hakuna anayerekebisha hitilafu kwenye seva kabla ya kuhifadhi kumbukumbu za matukio, labda awe na la kuficha.

Na si kila upungufu ni wizi. Mizani ya elektroniki huhisi nguvu ya uvutano wa dunia inayovuta gunia, na uvutano haulingani kila mahali. Kisii iko karibu na ikweta, tena juu kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na kule mzigo huvutwa kidogo kuliko London. Mizani iliyowekwa sawa London na kuletwa Kisii bila kuguswa ingesoma gunia la kilo 50 kuwa kama kilo 49.8. Gramu 180 hivi zimepotea na hakuna mwizi. Kuna pia baridi ya asubuhi ya Nyamira na jua la saa saba, vumbi, mguu mmoja wa mizani uliokaa juu ya jiwe, na betri iliyochoka. Kila moja la haya linaonekana kwenye ulinganishaji uliofanywa pale pale senta, na halionekani kwenye karatasi iliyoandikwa Nairobi.

Watu wa sokoni hawahitaji kufundishwa haya upya. Mama yeyote anayenunua mahindi Daraja Mbili huangalia kwanza kitako cha gorogoro kabla ya kuangalia mahindi, kwa sababu kitako kilichobonyezwa ndani hula nafaka. Babu zake wa pwani walikuwa na kibaba na pishi na mizozo hiyo hiyo. Gorogoro ina heshima moja ambayo mizani ya elektroniki haina: ubaya wake unaonekana kwa macho.

Kwa ile ya elektroniki, mahali pa kuangalia ni padogo. Mizani nyingi za biashara zina swichi au neno la siri la kuingilia kwenye ule mgawo, na swichi hiyo inatakiwa kufunikwa na muhuri. Muhuri ukiwa umekatika, mgawo unaweza kuwa umeguswa, hata kama ule muhuri mwingine wa mwaka huu unang'aa ubavuni. Angalia yote miwili. Halafu kuna njia ambayo mama na wenzake wameianza wenyewe, bila mimi. Wamejaza maji mtungi mmoja wa lita 20, wameufunga kifuniko kwa nta, na wanaupandisha kwenye mizani kabla ya chai ya kwanza. Hawajui mtungi ule una kilo ngapi za kweli, na haiwahusu. Wanaandika kwenye daftari tarehe na namba iliyosomwa. Wiki iliyopita nilipoliona lilikuwa na kurasa nne, namba zote zikiwa 20.9 au 21.0, isipokuwa Jumanne mbili.